Mtoto wangu alidhani kondomu ni pipi. Sasa nimwambie nini?

Swali: Nina watoto wawili, wa kiume ana miaka tisa na wa kike ana sita. Wiki mbili zilizopita tulikuwa kwenye foleni ya kulipia katika duka kubwa. Yule mdogo akachukua kiboksi chenye picha ya stroberi kwenye rafu ya kaunta, akasema kwa sauti, "Mama, naomba pipi hizi." Zilikuwa kondomu. Nikamnyang'anya, nikamwambia hicho ni kitu kibaya, asikiguse tena. Watu wakacheka. Nageuka, kaka yake amekodolea macho boksi jingine lenye picha ya mwanamume na mwanamke nusu uchi. Yeye nikamfokea njia nzima. Tangu siku ile mdogo ameshaniuliza mara tatu, "Mama, kile kibaya kilikuwa nini?" na mkubwa hataki tena kuongozana na mimi dukani. Mume wangu anasema niache, watasahau. Wifi yangu anasema watoto wameshafunguliwa macho mapema. Je, wameharibika? Nianzie wapi? Na yule mwenye duka nimwendee au nimwache?

Jibu: Hapana dada, hawajaharibika. Naanza na hilo kwa sababu najua mzazi mwenye swali kama lako hupitisha macho kwenye maelezo yote akilitafuta jibu hilo tu, na asipoliona hayo mengine hayamwingii.

Hebu turudi pale kaunta, ila safari hii tusimame kwa kimo cha mtoto wa miaka sita. Mbele ya pua yake kuna pipi, kuna chingamu, na katikati yake kuna kiboksi kidogo chekundu kinachong'aa, kina stroberi mbichi kabisa iliyochorwa vizuri. Kina ukubwa uleule wa pakiti ya pipi, kimefungwa kwa nailoni ileile. Hakuna sababu hata moja ya kumfanya akitofautishe na majirani zake wa rafuni. Alichokiona binti yako ni tunda, na alichoomba ni kitu kitamu. Mambo ya ngono hayakuwemo kichwani mwake hata chembe. Yalikuwa kichwani mwako wewe na vichwani mwa wale waliocheka.

Kilichomwingia kilikuja sekunde iliyofuata. Mkono ulipokwapuliwa, uso wako ulipobadilika, watu wazima wasiomjua walipocheka kwa namna asiyoielewa, na neno "kibaya" lilipotamkwa. Angalia basi anavyouliza sasa. Haulizi kuhusu kondomu, wala haulizi watoto wanatoka wapi. Anauliza "kile kibaya" kilikuwa nini. Kwa lugha yake anataka kujua: nilishika nini hata mama akageuka hivyo? Na nadhani kuna swali jingine limekaa nyuma ya hilo, ambalo mtoto wa umri huu hawezi kulipanga kwa maneno: na mimi niliyekishika, nimekuwa mbaya?

Kwamba mtoto husoma uso wa mzazi kabla ya kukisoma kitu chenyewe ni jambo lililopimwa zamani. Mwaka 1985 James Sorce na wenzake nchini Marekani walichapisha jaribio walilowafanyia watoto wa umri wa mwaka mmoja. Mtoto aliwekwa juu ya meza yenye kioo kinene, na chini ya kioo sakafu ilionekana kushuka kidogo, kiasi cha kumfanya asite asijue avuke au abaki. Mama alikuwa upande wa pili, hasemi neno, anaonyesha uso tu. Mama walioonyesha uso wa furaha, watoto 14 kati ya 19 walivuka. Mama walioonyesha hofu, kati ya watoto 17 hakuvuka hata mmoja. Kama mtoto wa mwaka mmoja anaupa uso wa mama uzito kiasi hicho, wa miaka sita ambaye ana lugha, ana kumbukumbu na ana aibu, ataupa zaidi.

Sasa lile "usiguse tena". Kuna jaribio jingine, la Elliot Aronson na Merrill Carlsmith, la mwaka 1963, ambalo ningependa kila mzazi alijue. Watoto wadogo walionyeshwa midoli, wakaambiwa mmoja wasiuchezee. Safari moja waliambiwa kwa upole kwamba mkubwa hatapenda wakiuchezea. Safari nyingine, watoto walewale walitishwa vikali. Kila safari waliachwa peke yao, na hakuna aliyeugusa. Baadaye walipoulizwa tena wanaupenda mdoli ule kiasi gani, safari ya upole baadhi yao hamu ilikuwa imepungua. Safari ya vitisho haikupungua kwa hata mmoja. Ukali uliwazuia mkono, moyo ukabaki palepale. Kwa hiyo mume wako anaposema watasahau, ana haki nusu. Kiboksi chenyewe binti angekisahau kabla hamjafika nyumbani. Ni ule mshtuko uliokipigilia misumari.

Habari njema ni kwamba jambo hili halina siku ya mwisho ya kurekebishwa. Wiki mbili si kitu. Mwezi si kitu. Maadamu bado anauliza, mlango uko wazi, na mara tatu ni nyingi. Wapo watoto ambao wangeuliza mara moja wakanyamaza.

Mwendee mkiwa mnafanya kitu kingine. Unamsuka, mnaanua nguo, mnaosha vyombo. Mazungumzo haya hayataki kikao, maana ukimkalisha mtoto kwenye kiti ukamwambia "njoo tuongee", moyo wake tayari umeanza kwenda mbio. Mwambie maneno ya namna hii: "Unakumbuka siku ile dukani nilipokunyang'anya kile kiboksi? Nilishtuka, nikasema kwa ukali. Wewe hukukosea. Kilikuwa na picha ya tunda, hata mtu mwingine angedhani ni pipi. Kile ni kitu cha watu wazima, kinaitwa kondomu. Watu wazima hukitumia ili wasiambukizane magonjwa, na ili wasipate mtoto kabla hawajawa tayari. Watoto hawakihitaji, kwa hiyo tukikiona tunakiacha palepale."

Kisha nyamaza. Hapo ndipo wazazi wengi hujikwaa. Wakishapata ujasiri wa kuanza, wanataka kumaliza kitabu kizima siku hiyohiyo, mtoto ameshamaliza swali lake na anataka kujua kama anaweza kwenda kucheza. Akisema "haya" akaondoka, mwache aende. Akikuuliza zaidi, jibu hilo aliloliuliza, kwa ukubwa uleule wa swali. "Kinatumikaje?" "Mwanamume hukivaa." "Anakivaa wapi?" "Kwenye uume." Ukitamka neno hilo kama unavyotamka kiwiko au goti, atalipokea kama kiwiko au goti. Ukishindwa kabisa kulitamka leo, sema, "Hilo nitakueleza ukikua kidogo, ila umefanya vizuri kuniuliza," na hapo pia hujamdanganya. Kwa mtoto wa miaka mitatu au minne ningeishia mapema zaidi: "Si pipi, ni dawa-dawa za afya za wakubwa," basi, turudi kwenye kupanga vitu vya kulipia.

Kitu ambacho nakuomba usikifanye ni kumwambia ni puto. Najua ndilo jibu jepesi kuliko yote, na ndilo linalotolewa na wengi. Lakini kondomu zilizotumika hutupwa vichakani, ufukweni, nyuma ya majengo, na watoto huziokota. Mtoto aliyeambiwa ni puto atafanya kile ambacho puto hufanyiwa: ataitia mdomoni aipulize. Mtoto aliyeambiwa ukweli wa sentensi mbili ataijua, ataiacha, na pengine atakuja kukuita. Huu ni mmoja wa uongo wa malezi wenye madhara ya moja kwa moja kiafya, na unashangaza kwa jinsi unavyosemwa bila wasiwasi.

Mkubwa ni habari nyingine, na kusema kweli ndiye anayenihangaisha zaidi kati ya hao wawili.

Ana miaka tisa. Kwa wavulana dalili za kwanza za kubalehe huanza popote kati ya miaka 9 na 14, kwa wasichana kati ya 8 na 13. Huyu yuko mlangoni. Hakuona tunda, aliona miili miwili, na alijua kwamba ile ni picha ya namna fulani. Inawezekana kabisa alishasikia maneno shuleni, nusu ya kweli na nusu ya vichekesho. Alikuwa na udadisi na aibu kwa wakati mmoja, halafu akafumaniwa akiangalia. Kisha akafokewa kwa kitu ambacho hakukifanya kwa kukusudia: macho yake yalielekea kwenye picha iliyochapishwa na watu wanaolipwa kuhakikisha macho yanaelekea hapo. Macho yako pia yaliiona, dada, ndiyo maana ulijua anaangalia nini.

Kukataa kwenda dukani na wewe si ukaidi. Anakwepa kusimama tena mahali pale karibu nawe. Mvulana wa umri huu ana njia chache za kusema "naona haya", na kujitenga ndiyo njia yake ya kwanza.

Kwake anza na lako wewe. "Nilikufokea siku ile kwa sababu ya ile picha. Sikufanya haki. Picha ile imewekwa pale ivute macho, hata ya watu wazima. Kuiona si kosa." Halafu, baada ya siku mbili tatu, si siku hiyohiyo, muulize swali moja lisilo na mtego: "Wenzako huwa wanasema nini kuhusu vitu kama vile?" Nasema wenzako kwa makusudi. Mtoto wa miaka tisa hawezi kusema anachokijua yeye, lakini anaweza kusema kwa raha zake wanachokijua wengine, na humo ndani mtakuta kila kitu. Sikiliza hadi mwisho. Usicheke. Ukisikia jambo la uongo, lisahihishe moja tu, kubwa kuliko yote, mengine yatangojea.

Utaniuliza kama hili si la baba yake. Baba ana sehemu yake, tena kubwa: mabadiliko ya sauti, nywele, ndoto, usafi wa mwili, namna ya kumheshimu msichana, hayo mvulana huyapokea vizuri kutoka kwa mwanamume anayemwamini, awe baba, mjomba au babu. Lakini ule ukali ulitoka kwako, na hakuna mjumbe anayeweza kuupatanisha. Fanya lako kwanza, kisha baba aendelee.

Nije kwa wifi yako. Hofu yake siidharau, maana ndiyo hofu ya wazazi wengi: kwamba ukimweleza mtoto, unamwonjesha. Mwaka 2018 UNESCO, pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yakiwemo UNICEF na WHO, ilitoa upya mwongozo wake kuhusu elimu ya jinsia, baada ya ule wa kwanza wa mwaka 2009. Tafiti zilizokusanywa humo zinaonyesha kwamba elimu hii haiwafanyi vijana waanze ngono mapema. Mwongozo unaanza na kundi la miaka 5 hadi 8, na yaliyomo kwa kundi hilo ni mambo ambayo wifi yako mwenyewe angeyakubali: majina ya viungo vya mwili, kwamba mwili wako ni wako, kwamba kuna miguso isiyofaa, nani wa kumwambia.

Nakubaliana naye kwenye jambo moja. Kuelezwa na kuonyeshwa havilingani. Mtoto anayeelezwa na mzazi anapata kipimo kinachomtosha, akishiba anaacha. Picha au video haina kipimo, inammiminia yote kwa mara moja, na hawezi kuirudisha. Ndiyo maana vitu vya dukani navyo havilingani uzito. Sanamu ya plastiki iliyovalishwa sidiria dirishani haistahili hata mazungumzo, isipokuwa mtoto ameuliza, na jibu lake ni "nguo za ndani za wanawake". Pakiti ya kondomu, kilainishi, kipimo cha mimba, pedi, hivyo vyote ni bidhaa za afya na vinaelezeka. Vifaa vya kustarehesha wapenzi, ambavyo siku hizi hupangwa kwenye maduka ya zawadi karibu na kadi na midoli, vinaelezeka kwa sentensi moja: "Hivi ni vya watu wazima, vya faraghani." Havina haja ya ufafanuzi kwa mtoto mdogo, naye akiona huna wasiwasi atahamia kwenye kitu kinachowaka taa. Lakini jarida lenye picha za ngono waziwazi, au runinga ya dukani inayoonyesha filamu za namna hiyo mtoto akasimama dakika nzima akiitazama, hilo linataka ukae naye jioni ileile. Muulize ameona nini na amehisi nini. Mwambie kwamba ile ni michezo ya kuigiza ya watu wazima, si namna watu wanavyopendana, na kwamba hana kosa. Mtoto aliyeona jambo asilolielewa na akahisi mwili umemsisimka kwa woga anaweza kudhani yeye ndiye mwenye hila.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu kuna jambo hukuliuliza nalo ndilo zito kuliko yote.

Kilichowapata watoto wako ni ajali. Hakuna aliyekusudia waone. Ipo hali nyingine inayofanana nayo kwa nje: mtu mzima, au kijana mkubwa, anapomwonyesha mtoto picha au vifaa hivyo kwa makusudi. Huo si uzembe wala utani. Kumwonyesha mtoto mambo ya ngono ni njia mojawapo inayotumiwa na wanaowanyanyasa watoto ili kumzoesha, kumpima kama atasema, na kumtia hatiani: "Na wewe uliangalia, ukisema tutakuwa sote matatani." Mara nyingi mtu huyo si mgeni. Ni mtu wa nyumbani, jirani, anayeaminiwa.

Silaha pekee ya mtoto katika hali hiyo ni kwenda kusema. Sasa fikiria mtoto ambaye alishika kiboksi kwa bahati mbaya, akafokewa na kuambiwa amegusa kibaya. Siku mtu akimwonyesha kitu cha namna ileile, ataanza kuhesabu: mara ya mwisho mama alikasirika, na wakati ule nilikuwa nimeshika tu. Atanyamaza. Hiyo ndiyo sababu ninasisitiza urudi ukamalize yale mazungumzo, kuliko sababu ya kondomu yenyewe. Na ukishamaliza, ongeza sentensi moja kwa wote wawili: "Mtu yeyote akikuonyesha vitu kama vile, au picha za watu wasiovaa nguo, hata kama ni mtu tunayempenda, hata akisema ni siri, njoo uniambie. Sitakukasirikia." Mtoto anahitaji kujua kwamba mambo ya faraghani, kama kuoga na kubadili nguo, tunayafanya peke yetu na yanajulikana, lakini mkubwa hapaswi kuwa na siri na mtoto.

Dalili za kukufanya uangalie kwa makini ni hizi: mtoto mdogo anaigiza tendo la ngono kwa undani ambao hangeweza kuupata kwenye picha ya kwenye boksi, anawalazimisha wenzake michezo ya mwili, hasa walio wadogo kwake, ameanza kuota vibaya au kukojoa kitandani wakati alishaacha, anamwogopa mtu fulani ghafla, ana zawadi au pesa asizoweza kueleza zimetoka wapi. Dalili moja peke yake haithibitishi kitu. Watoto wa miaka mitatu hadi sita kuulizana miili, kucheza baba na mama, kukimbia uchi baada ya kuoga, ni mambo ya umri wao. Lakini ukiona dalili kadhaa kwa pamoja, au mtoto akikuambia neno, msikilize bila kumkatiza, usimtafutie maneno wala kumuuliza "alikugusa hapa?", andika alichokisema kama alivyokisema, kisha mpeleke kwa daktari na utoe taarifa kwa ustawi wa jamii au polisi wanaoshughulikia watoto. Usiende kumkabili mtuhumiwa mwenyewe kwanza. Atapata muda wa kumtisha mtoto na kufuta ushahidi. Katika barua yako sioni dalili hata moja ya hizi, na nakueleza tu ili uzijue.

Tukio jingine litatokea tu, dukani au kwenye bango la barabarani, kwa hiyo ni bora uwe na sentensi yako mfukoni. Kwa sauti ya chini, bila kukwapua: "Hiyo si pipi, ni ya watu wazima. Irudishe, nitakueleza tukifika nyumbani." Acha mkono wake mwenyewe urudishe. Kisha mkifika nyumbani eleza kweli, hata kama yeye amesahau, maana ahadi ya "nitakueleza" isiyotimizwa mara mbili tatu mtoto huipa maana yake halisi. Wale wanaocheka kwenye foleni wanacheka kwa haya zao wenyewe. Hakuna kati yao atakayemlea mtoto wako, na wengi wao wakiulizwa swali lile na watoto wao wangetafuta pa kuingia.

Swali lako la mwisho, la mwenye duka. Mwendee, lakini ujue unamwomba nini. Ukimwambia aondoe kondomu dukani sitakuunga mkono. Kinga hizo zinazuia VVU na mimba zisizotarajiwa, na zimewekwa karibu na kaunta kwa sababu watu wengi huona haya kuziulizia; ukizificha, kuna kijana ataondoka bila. Unachoweza kudai kwa haki ni kimo na jirani. Pipi hupangwa chini makusudi ili watoto wazione wawasumbue wazazi, hilo kila mwenye duka analijua, kwa hiyo anaweza pia kujua kwamba boksi lenye tunda halipaswi kukaa kwenye kimo kilekile, ubavuni mwa chingamu. Kulipandisha rafu mbili juu hakumgharimu kitu na hakumnyimi mteja yeyote bidhaa.

Wazo hili la kimo si la ajabu. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, katika kifungu cha 17, unazihimiza nchi ziweke miongozo ya kumkinga mtoto na habari na vitu vyenye kumdhuru. Nchi mbalimbali zimelifanyia kazi kila moja kwa namna yake. Katika baadhi ya majimbo ya Marekani sheria inataka majarida ya ngono yawekwe nyuma ya kizuizi kinachofunika theluthi mbili za chini za jalada. Uingereza ina sheria ya mwaka 1981 inayokataza kuanika vitu vya aibu mahali pa wazi, na duka la vitu hivyo lazima liweke tangazo mlangoni na lisiingize walio chini ya miaka 18. Ulizia sheria ya kwenu inasemaje. Kwa picha za ngono waziwazi zilizowekwa wanapofikia watoto, usiishie kwa mwenye duka. Andika malalamiko kwa mamlaka inayotoa leseni.

Kwa kiboksi cha stroberi maneno yanatosha. Nenda peke yako, saa ambayo duka halina watu, mwombe msimamizi, si yule msichana wa kwenye mashine ya malipo ambaye hakupanga rafu. Mwonyeshe kwa mkono: "Mwanangu ana kimo hiki. Kiboksi hiki kiko hapa, pipi ziko hapa. Naomba mkipandishe." Wengi hukubali palepale, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaonyesha rafu kwa kimo kile. Akikataa, tumia foleni nyingine, au simama wewe kati ya mtoto na rafu.

Na kijana usimlazimishe kurudi dukani na wewe bado. Mwache aende na baba yake kwanza, wakanunue kitu chake mwenyewe, daftari au mpira. Ukishamwomba radhi, mwachie yeye achague siku ya kuongozana na wewe tena.